Alama Tano za Ufito

Kaluki sikumpenda siku ya kwanza na sikumpenda siku ya mwisho, na naomba hilo lieleweke kabla sijasema lolote. Watu wakishahama mtaani huanza kusifiwa, hata wale waliokuwa wakisengenywa kila asubuhi. Mimi sitafanya hivyo. Alikuwa mwanamke mkavu, mrefu, mwenye mazoea ya kukutazama kutoka juu kana kwamba anatafuta mahali ulipopasuka, na mdomo wake haukuwa na breki. Hapa Makongeni tulimwita Mama Rula kwa sababu ya rula ya chuma aliyoichomeka kwenye mfuko wa aproni, mahali ambapo wanawake wengine huweka simu.

Alitoka Ukambani akiwa msichana wa miaka ishirini, akaandikwa katika kiwanda cha mafuta ya kupikia. Alifagia miaka miwili, kisha akapewa kazi ya kupanda matangi. Kila asubuhi alikwea ngazi, akatumbukiza chuma kirefu tangini, akakitoa, akasoma mafuta yamefika wapi, halafu akapiga hesabu mle ndani mna lita ngapi. Alifanya hivyo miaka kumi na tisa. Mwishowe wakaleta vyombo vinavyosomewa ofisini kwenye kompyuta, naye akapewa barua na katoni ya mafuta. Haya aliyasimulia mwenyewe bila huzuni yoyote. Kilichomuuma, alisema, ni kwamba siku ya kwanza vile vyombo vilikosea lita arobaini na hakuna aliyejali.

Uadui wetu ulianzia kwenye omena. Mimi jina langu ni Mourine, lakini mtaani naitwa Mama Opicho, na biashara yangu ni omena na mboga, mwanzo wa Laini E. Omena napima kwa gorogoro, ule mkebe wa mafuta wa kilo mbili ambao kila muuzaji anao. Kitako cha gorogoro yangu nilikuwa nimekigonga kwa nyundo kikaingia ndani. Si mimi niliyeanzisha mtindo huo. Nenda soko lolote ukavipindue vitako vya mikebe, kisha urudi kunihukumu.

Siku hiyo nilikuwa na wateja wanne. Kaluki akafika, hakusalimu, akauchukua mkebe wangu na kuupindua, omena zikamwagika ndani ya beseni. Akatoa rula. Akapima nje, akapima ndani.

"Nje ni sentimita kumi na tano," akasema, si kwangu, kwa wateja. "Ndani, katikati, ni kumi na mbili. Uvimbe kama huu hauhesabiwi wote, unahesabiwa nusu, kwa sababu pembeni umeshuka. Kwa hivyo ni moja na nusu kwa kumi na tano. Mkinunua mikebe kumi, mmoja ni hewa."

"Kumbe tunalipia hewa, Mama Opicho?" mmoja akauliza, na wale wengine wakacheka.

Niliwaongezea kila mmoja ngumi ya omena ili waondoke. Kaluki akanunua mkebe mmoja, akalipa vizuri, akaenda zake. Nilimchukia pale pale, kwa moyo wangu wote, na sioni haya kusema hivyo. Angeweza kuniita pembeni.

Sasa tangi. Wakati huo kikundi chetu cha maji kilikuwa na laini tano, A mpaka E, kila laini nyumba ishirini. Maji ya mgao yalikuwa yakija yatakavyo, kwa hiyo tukachanga tukanunua tangi kuukuu la chuma lililokuwa mgongoni mwa lori la maji lililokufa. Lilikuwa mviringo, refu, na tulililaza juu ya nguzo mbili za saruji mwisho wa Laini C. Juu lilikuwa na mdomo wa kuingiza mpira, chini lilikuwa na mfereji mnene. Ubavuni mwake kulikuwa na chumba kidogo cha mabati na sakafu ya saruji, ambacho kikundi kiliamua kumpa mlinzi wa ufunguo akae bure. Atakayeshika ufunguo anapata chumba, atakayeutoa anatoka.

Kaluki alikitaka kile chumba. Alikuwa akilala jikoni kwa mpwa wake hapo hapo Laini C, godoro likikunjwa kila alfajiri ili jiko liwashwe. Mtu wa miaka hamsini na mitano. Alikitaka mpaka akakaribia kuwa na adabu.

Karibu tu. Kwenye mkutano wa kwanza, mwenyekiti wetu Gichuru, ambaye ni fundi seremala, alileta ufito mrefu alioupiga randa mpaka ukang'aa. Wazo lilikuwa rahisi na kila mtu alilipenda: ufito unatumbukizwa tangini kutoka juu, umechongwa alama tano zilizo sawa, na kila laini inateka mpaka maji yashuke alama moja. Laini A ya kwanza, Laini E ya mwisho. Alama sawa, haki sawa. Gichuru alikuwa hata amezipaka rangi nyekundu.

Kaluki akasimama. Alikuwa amelipima tangi kwa kamba siku iliyotangulia.

"Kipenyo ni mita moja na sentimita sitini," akasema. "Nusu yake ni nukta nane. Nukta nane mara nukta nane, mara tatu nukta moja nne, unapata uso wa mita mraba mbili na kidogo. Mara urefu wa mita tano, ni mita kumi za ujazo. Mita moja ya ujazo inajaza mitungi hamsini. Tangi hili ni mitungi mia tano, kila laini mia moja. Lakini si kwa alama hizo. Hizo ni alama za pipa lililosimama. Hili limelala."

"Kwani maji inajua kama tanki imelala ama imesimama?" Nyongesa wa Laini A akauliza. Nyongesa ni mtu mzima, baba wa watoto watatu, anafanya kazi kiwandani, na anapenda kuchekesha mikutano.

"Maji inajua. Wewe ndiye hujui," Kaluki akamjibu.

Halafu akatutajia alama zake. Laini A ipewe sentimita arobaini na nusu, B ishirini na saba, C ishirini na tano, D ishirini na saba, E arobaini na nusu. Palizuka kelele ambayo sijawahi kuisikia hata kwenye kesi za kugombania nyumba. Watu wa B, C na D waliona wanaporwa mchana. Na sisi wa A na E, tuliokuwa tunapewa zaidi? Hapo ndipo niliposimama mimi.

"Huyu mama anakaa Laini C," nikasema. "Tangu lini mtu akajipunguzia? Mimi siamini mtu anayejinyima hadharani. Hiyo hesabu iko na mlango wa nyuma."

Makofi yakalia. Kaluki akanitazama. "Watu hawanywi sentimita, Mama Opicho," akasema. "Lakini wewe unajua vipimo. Unajua sana."

Nusu ya watu walielewa alichomaanisha, na wale wateja wanne walicheka tena. Basi nikapiga kura ya alama sawa, na ningeinua mikono miwili kama ingewezekana. Karibu mtaa mzima ulifanya vile vile. Ufunguo hata hivyo tulimpa yeye, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine mwenye roho ya kumfungia jirani mfereji huku anamwangalia machoni.

Aliupokea pamoja na ufito wa Gichuru. "Sawa," akasema. "Nyinyi mmepiga kura. Maji hayajapiga."

Hilo lilikuwa neno lake la mwisho juu ya jambo hilo kwa miezi minane. Alihamia kwenye chumba cha mabati na godoro lake, akatundika pazia, akapanda mchicha kwenye ndoo mbovu. Kila siku ya maji alipanda ngazi, akatumbukiza ufito, akapiga kelele, "Laini A, basi! Laini B!" na hakuongezea mtu hata kikombe. Mama mjamzito alimsihi ndoo moja baada ya alama kufika. Kaluki akamwambia arudi Jumatano. Watu waliokuwa hawana kisa naye wakapata.

Miezi hiyo yote mgao ulikuwa mara tatu kwa wiki, na mwenye maji hahesabu. Kisha ikaja Januari, jua likawaka, mgao ukawa mara moja, Jumamosi tu. Hapo ndipo kila nyumba ilianza kuhesabu mitungi. Kila nyumba ilitarajia mitano, kama tulivyoambiwa. Nyumba yangu ilikuwa ya mwisho kabisa Laini E, na mimi nilikuwa napata mitatu, na wa nne ukija ulikuwa na kutu ya chini ya tangi. Nilimwosha Opicho na wadogo zake kwa maji ya kuoshea mboga. Omena zangu zilianza kunuka kwa sababu beseni halikuoshwa.

Jumamosi moja nikasimama kwenye foleni yetu nikahesabu mitungi ya laini nzima. Sabini na moja. Jumamosi iliyofuata, sabini na moja. Nikapita Laini C kana kwamba natafuta kuku, nikakuta wanawake wanafua mapazia. Mapazia, wakati watoto wangu wananuka. Nikamuuliza mmoja wanapata mitungi mingapi. "Sisi hatukosi," akasema, na akaendelea kukamua.

Sikuhitaji zaidi. Mwenye ufunguo anakaa Laini C, Laini C wanafua mapazia, Laini E tunakunywa kutu. Na Laini A nao, nikaja kujua, walikuwa wakilia kama sisi. Wao walidhani tangi halijazwi. Lisemwalo lipo, na ndani ya siku tatu lilikuwa linasemwa na kila mdomo. Mengi niliyasema mimi. Nilisema amewahi kufukuzwa kiwandani kwa wizi wa mafuta, jambo ambalo sikulisikia popote ila kichwani mwangu.

Jumapili baada ya ibada tulikusanyika kwenye tangi, nami nikasoma mashtaka yangu: Kaluki anaiba maji ya Laini A na Laini E, anayapeleka kwa watu wa laini yake. Nikaomba atoe ufunguo na chumba. Watu wakaitikia kwa sauti moja.

Kaluki alikuwa amesimama mlangoni pake akimenya viazi. Hakuacha kumenya.

"Jumamosi pimeni nyinyi," akasema. "Gichuru apande juu na ufito. Mama Opicho ashike mfereji. Yeye amedanganya watu kwa mkebe miaka mingi, hakuna atakayemdanganya kwa mtungi. Mimi nitaketi kwenye kibanda cha chapati mahali mnaniona. Hesabuni kila mtungi, laini zote tano. Kama kuna mtungi umepotea, natoka na godoro siku hiyo hiyo."

Wiki hiyo sikulala vizuri kwa furaha. Nilijiona tayari namtazama akibeba godoro.

Jumamosi saa mbili asubuhi tangi lilikuwa limejaa hadi mdomoni. Nilikaa kwenye kigoda mbele ya mfereji na sufuria ya maharagwe mapajani. Kila mtungi, haragwe moja kwenye bakuli. Gichuru alikuwa juu na ufito wake. Kaluki aliketi kibandani, hatua ishirini kutoka kwangu, mikono juu ya magoti. Mtaa mzima ulikuwa pale.

Laini A wakateka. Nilikuwa sijazoea kiti vizuri Gichuru akapiga kelele, "Basi! Alama imefika." Nikahesabu maharagwe. Sabini na moja. Nyongesa akamgeukia Kaluki.

"Si nilisema? Huyu mathe anatubeba ufala, anatuona wajinga!"

"Mimi niko hapa," Kaluki akasema. "Nani ameiba? Uliza aliyeshika mfereji."

Macho yote yakanijia mimi. Laini B wakaanza, na maharagwe yakaendelea kuanguka. Yalipita sabini na moja, yakapita mia, na Gichuru kimya kule juu. Nikamwuliza kama amesinzia. Akasema alama haijafika. Laini B walimaliza kwa mia na kumi na sita.

Laini C walianza karibu saa tano. Sitasahau ile saa. Mtungi juu ya mtungi, na mkono wangu mwenyewe ndio uliokuwa unafungua na kufunga. Mia moja. Mia na kumi. Watu wa Laini A walikuwa wanazomea sasa. Mia na ishirini. "Hii ni wizi ya mchana!" mtu akasema, na sikujua kama ananiambia mimi, maana hapakuwa na mwingine karibu na maji. Walifika mia na ishirini na sita. Laini D, mia na kumi na sita. Kisha laini yangu, nikiwa nimeshika mfereji mimi mwenyewe, nikiwaonea huruma majirani zangu mwenyewe: sabini na moja, na mfereji ukaanza kukohoa hewa. Ilikuwa saa tisa alasiri.

Gichuru alishuka, akajumlisha kwenye kipande cha mbao kwa penseli ya useremala. Alijumlisha mara tatu. Mitungi mia tano kamili.

Hakuna mtungi uliopotea. Nililijua hilo kabla hajalisema.

Kaluki akaja akiwa na chapati moja kwenye karatasi. Akaiweka juu ya mtungi uliopinduliwa, akaipima kwa rula. Sentimita ishirini. Akatoa kisu, akaikata kwa mistari minne iliyonyooka, vipande vitano, kila kimoja upana wa sentimita nne. Akakipa kipande cha pembeni Nyongesa na cha katikati Gichuru.

"Sentimita nne, sentimita nne," akasema. "Kuleni sawa."

Nyongesa alitazama kile kipembe mkononi mwake, kisha akatazama kipande cha Gichuru, kirefu kutoka ukingo hadi ukingo. Mara hii hakuchekesha mtu.

"Hilo tangi ukilitazama usoni ni chapati hii," Kaluki akaendelea. "Irefushe mita tano, umelipata. Juu ni jembamba, chini ni jembamba, katikati ni pana. Mkigawa kwa urefu wa ufito, wa pembeni wanakula ukingo. Mtoto yeyote wa nyumba yenye chapati moja anajua. Ni nyinyi watu wazima mlioamua kupiga kura."

Halafu akauchukua ufito kutoka kwa Gichuru na kuugeuza. Upande wa nyuma kulikuwa na alama nyingine tano, zimechongwa kwa kisu, hazina rangi: arobaini na nusu, ishirini na saba, ishirini na tano, ishirini na saba, arobaini na nusu. Alikuwa amezichonga siku ile ile tuliyompa ufunguo. Miezi minane alitumbukiza alama za kweli na za uongo kwa pamoja, mbele yetu, akasoma zile tulizochagua.

Sasa wewe unayesoma unadhani tulimwomba msamaha. Kwanza tulikasirika. Mama mjamzito wa siku zile, ambaye sasa alikuwa na mtoto mgongoni, alipiga kelele, "Ulijua na ukatuacha na kiu?"

"Niliwaambia. Mkapiga makofi," Kaluki akasema.

Gichuru, aliyekuwa amevimba kwa aibu ya ufito wake, akaitisha kura mbili hapo hapo. Ya kwanza: tutumie upande wa nyuma? Laini A na Laini E tuliinua mikono yote arobaini. Laini B, C na D, ambao asubuhi hiyo walikuwa wameona kwa macho yao wanachopata na tunachokosa, waliweka mikono mifukoni. Mmoja wao alisema kwa sauti tamu kwamba yeye si mtu wa hesabu, lakini alama sawa ni haki sawa. Mkono mmoja tu uliinuka kutoka Laini C, wa Kaluki. Arobaini na moja kwa hamsini na tisa. Alama nyekundu zikabaki.

Ya pili ilikuwa kesi. Gichuru akanigeukia mbele ya watu wote.

"Mama Opicho, wewe ndiye uliyeleta mashtaka. Unayaondoa?"

Kaluki alinitazama. Kwa mara ya kwanza sikuona dharau machoni pake. Niliona anangoja, na nyuma yake niliona mlango wa kile chumba, pazia na ile ndoo ya mchicha. Neno langu moja lingetosha. Nilikumbuka wateja wanne, omena zikimwagika ndani ya beseni, na ule mdomo ukisema hewa.

"Hakuiba," nikasema. "Lakini alijua akanyamaza. Mtu wa namna hiyo utampaje ufunguo wa maji ya watoto?"

Ilikuwa kweli, kila neno, na niliisema ili nimuumize. Mikono iliyoinuka sikuihesabu. Ilikuwa mingi, pamoja na ya A na E, ambao ndio pekee waliopiganiwa na huyo mwanamke.

Jumatatu asubuhi alikuja kibandani kwangu na begi begani na godoro limefungwa kwa kamba juu ya mkokoteni. Akaomba gorogoro moja ya omena. Nilimpimia mkebe wa kujaa, nikaongeza mlima juu, mlima mkubwa kuliko niliowahi kumwekea mtu. Ndiyo njia niliyokuwa nayo ya kusema nilichoshindwa kusema. Kaluki akatoa rula, akaukata ule mlima na kuurudisha wote kwenye beseni mpaka mkebe ukawa sawa na ukingo. Akaimimina omena kwenye mfuko wake. Kisha akaingiza rula ndani ya mkebe mtupu, katikati.

"Kumi na mbili," akasema. "Bado."

Akalipa, akamfuata mwenye mkokoteni. Nasikia yuko Majengo, anaishi na mjane mmoja, na kwamba hata huko hawampendi.

Ufunguo ulikaa kwa Gichuru wiki tatu. Wenye nafasi ya kukaa pale waliogopa kelele, wenye kuzoea kelele walikuwa kazini. Mwishowe wakaniletea mimi, nami nikakubali. Nina watoto watatu na nyumba ya Laini E ilikuwa inavuja. Kile chumba ni kikavu, mchicha bado unaota, na mwenye chumba huteka pamoja na Laini C. Mitungi sita, wiki nyingine saba. Mapazia yangu ni safi.

Nyumba yangu ya zamani, ile ya mwisho kabisa, aliingia mgeni, Filsan, mwanamke mpole anayeuza chai na mahamri. Hakuwapo siku ya maharagwe. Jumamosi iliyopita alikuja kwangu baada ya laini yake kumaliza, mtungi wa nne mtupu mkononi.

"Mama, samahani," akasema. "Sisi nimehesabu ni sabini na moja. Hii laini yenu watu wanasema ni mia na zaidi. Mimi sisemi mtu anaiba. Nauliza tu."

Ufito nilikuwa nao mkononi, bado unatiririka. Kugeuza mkono tu kungetosha.

"Alama ni tano na ziko sawa," nikamwambia. "Njoo uone mwenyewe."

Akaja. Nikamwonyesha upande mwekundu, huku ule wa nyuma nimeuelekeza kifuani kwangu. Akapima kwa shibiri, moja, mbili, tatu, mpaka ya tano, polepole, mtu mwaminifu anayetaka kuwa na hakika. Akaona zimelingana. Akaniomba msamaha.